Kipande Hakikai Usoni: Kusaka Chanzo cha Hitilafu kutoka Skana hadi Silikoni

Hitilafu ya kipande cha silikoni, kile kinachobandikwa usoni mwa mwigizaji ili kumpa sura mpya, huonekana mwishoni kabisa, mwigizaji akiwa ameketi mbele ya kioo na gundi ikiwa imeshafunguliwa. Lakini mara nyingi ilizaliwa siku nyingi kabla, ndani ya faili. Ukipunguza ukingo kwa mkasi au ukijaza pengo kwa gundi, umeokoa siku hiyo tu: kipande cha kesho kitatoka kwenye kalibu ileile kikiwa na kasoro ileile. Dawa ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kipande hadi kalibu, kisha umbo lililochapwa kwa printa ya 3D, faili la kuchongea na skani yenyewe (nakala ya kidijitali ya uso), hadi ufike mahali ambapo vipimo viliacha kukubaliana.

Tuelewane kuhusu maneno matatu. Kichwa cha msingi ni nakala ya uso wa mwigizaji kama ulivyo. Kalibu ni ganda la nje lenye sura mpya, linalofunikwa juu ya kichwa hicho. Kipande ni silikoni inayojaa kwenye nafasi iliyobaki kati ya hivyo viwili.

Kuna kifaa kimoja kisichohitaji umeme ambacho humaliza ubishi mwingi: vernia, kipimio chenye taya mbili. Kabla ya kuskani, pima uso wa mwigizaji na uandike kwa milimita: kutoka pembe ya nje ya jicho moja hadi ya jingine, upana kwenye mifupa ya mashavu, kutoka chini ya pua hadi ncha ya kidevu, na kwa utepe kutoka sikio hadi sikio ukipitia juu ya pua. Vipimo hivyo vinne hurudiwa kwenye skani, kwenye faili lililo tayari kuchapwa, na kwenye kichwa kilichotoka kwenye printa. Bila karatasi hiyo unakisia tu.

Kipande ni kikubwa au kidogo kuliko uso

Tofauti ikiwa kubwa kupita kiasi, hilo ni tatizo la vipimo vya faili. Faili la STL, lile linalopelekwa kwenye printa likiwa na umbo lililojengwa kwa pembetatu, halibebi kipimo. Ndani yake kuna namba tupu, na kila programu huzitafsiri inavyojua. Blender, programu ya kuchongea maumbo, kwa mipangilio yake ya kawaida, huhesabu kwa mita, ilhali programu za kuandaa uchapaji huhesabu kwa milimita. Basi kichwa kinaweza kufunguka kikiwa kidogo mara 1,000, kama punje isiyoonekana kwenye meza ya printa. Kikiwa kimekosea mara 25.4, mtu alichanganya inchi na milimita. Makosa haya hayana madhara kwa sababu yanapiga kelele.

Hatari iko kwenye kosa dogo. Asilimia 2 kwenye upana wa uso wa milimita 140 ni milimita 2.8. Huwezi kuiona kwenye skrini, lakini usoni pembe ya mdomo wa kipande haitakutana na pembe ya mdomo wa mtu. Kosa la namna hii kwa kawaida hutoka kwenye skani iliyotengenezwa kwa picha. Picha peke yake hazijui ukubwa: uso wa mtu mzima na uso wa mwanasesere hutoa umbo lilelile. Weka rula mbili fupi za urefu unaojulikana ndani ya eneo linalopigwa picha, moja karibu na bega na nyingine upande wa pili. Tumia ya kwanza kuweka ukubwa na ya pili kuuhakiki. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita, usianze kuchonga.

Kama skani iko sawa na umbo lililochapwa haliko sawa, basi ni printa au plastiki yenyewe. Chapa mchemraba wa milimita 100, usiwe wa 20; kwenye mdogo kosa hufichika ndani ya kosa la mkono wako. Pima pande zote tatu kisha sahihisha kila upande peke yake. Na jambo linalosahaulika: kichwa na kalibu vichapwe kwa plastiki moja na mipangilio ileile. Kimoja kikinywea zaidi ya kingine, havitafungana hata kama kila kimoja kinaonekana sahihi.

Kabla ya kuendelea, tazama alama ya kuzaliwa au kovu la mwigizaji. Likiwa upande usio wake, skani imegeuzwa kama kwenye kioo, jambo linalotokea kwa baadhi ya programu zinazotumia kamera ya mbele ya simu.

Ukubwa ni sahihi lakini kipande hakilali

Kinagusa paji na kidevu, lakini katikati kuna hewa. Au kinalala vizuri mtu akinyamaza, akianza kusema kinanyanyuka. Hapa swali si la ukubwa, ni la hali ya uso wakati wa kuskani.

Mtu aliyelala ana mashavu yaliyorudi kuelekea masikioni. Mtu aliyeketi mashavu yake yameshuka. Skani ifanywe akiwa ameketi wima, meno hayagusani, midomo imefungwa bila kubanwa, macho yamefumbwa kama mtu anayesinzia. Mtu akijua anapigwa picha hukaza taya bila kujijua, na taya iliyokazwa huongeza unene pembeni mwa uso. Skani ya mikono inayochukua dakika mbili hubeba pumzi na mtikisiko wote wa muda huo. Ukiona pua ina migongo miwili au kope limekuwa na tabaka, alisogea. Irudie. Kurekebisha skani mbovu kwa kuchonga ni kubuni uso wa mtu usiyemjua.

Nywele ni adui mwingine. Skana hushindwa kuzisoma na huzijaza kwa uvimbe wa kubahatisha, hivyo kichwa cha msingi hukua milimita kadhaa kwenye paji na karibu na masikio. Ikiwa siku ya kazi mwigizaji atavaa kofia ya upara, mskani akiwa nayo kichwani, nywele zikiwa zimelazwa kama zitakavyolazwa siku hiyo. Nyusi na ndevu huacha ukwaru. Lainisha hapo tu, usiguse ngozi inayozizunguka.

Ngozi yenye jasho au mafuta hung'aa, na mng'ao huhama kila kamera inapohama, kwa hiyo programu huudhani kuwa umbo. Matokeo ni vishimo na vipele juu ya pua na paji. Poda kavu kidogo hutosha. Kwa picha, mwanga uwe laini kutoka pande zote, lenzi isibadilishwe, mwangaza wa kamera usiwe wa kujirekebisha, na kila picha ishirikiane na jirani yake kwa zaidi ya nusu. Hamsini hadi themanini zinatosha uso na shingo.

Ukiweza, chukua skani tatu na si moja: uso uliotulia, mdomo wazi, na tabasamu pana. Unachonga juu ya ule uliotulia, lakini zile mbili hukuonyesha ngozi inakokwenda. Ukingo ukiangukia mahali ambapo ngozi inasafiri milimita 8 mtu anapocheka, hakuna gundi itakayoushika.

Mistari ya printa inaonekana kwenye ngozi

Silikoni hunakili hata alama ya kidole, basi isikushangaze ikinakili tabaka za printa. Jambo la kuangalia ni mahali mistari ilipo. Ikijikusanya kwenye paji na juu ya mashavu kama mistari ya ramani ya milima, umbo lilichapwa likiwa limelala vibaya. Hesabu yake ni rahisi: tabaka la milimita 0.05 kwenye uso ulioinama nyuzi 5 tu kutoka mlalo hutoa ngazi yenye upana wa karibu milimita 0.57. Kwa tabaka la 0.2, ngazi hiyo ni milimita 2.3. Usikimbilie kupunguza tabaka. Inamisha umbo mpaka maeneo mapana yasimame zaidi.

Kama unachoona ni bapa ndogondogo za pembetatu, kosa liko kwenye faili. Uso wenye eneo la sentimita za mraba 500 ukitaka kubeba matundu ya ngozi, pembetatu zake ziwe na upande wa takriban milimita 0.1, yaani milioni 11 na zaidi. Kila pembetatu kwenye STL hula baiti 50, hivyo faili litapita megabaiti 550. Wengi hulipunguza hadi pembetatu laki tano ili kompyuta isigande, na hapo ndipo ngozi inapopotea. Punguza kwa njia inayoacha pembetatu nyingi palipo na mikunjo na chache palipo laini, halafu likague faili lililopunguzwa kwa ukaribu, si lile la awali.

Msasa huondoa ngazi na matundu ya ngozi kwa pamoja. Kwa hiyo tunapendelea njia ya mchanganyiko: chapa sura kubwa ikiwa laini, isuguliwe kwa msasa namba 220, 400 kisha 600, ipigwe praima, halafu ngozi yenyewe iwekwe kwa mkono juu ya tabaka jembamba la udongo wa mafuta usio na salfa. Kompyuta ni hodari wa ulinganifu na vipimo. Kwa ngozi, mkono bado una kauli.

Silikoni inanata

Usitupe kitu bado. Kata kipande katikati kwa wembe na uguse sehemu tatu: upande uliogusa umbo lililochapwa, upande wa pili, na kiini.

Kiini kikinata sawa na kingo, kosa ni la uchanganyaji. Sehemu A na B hazikupimwa sawasawa, au dawa ya kulainisha imezidi. Dawa hiyo huongezwa kwa asilimia ya uzito wa A na B pamoja. Kadiri inavyozidi uzito wenyewe, silikoni huwa laini kama nyama lakini pia huanza kunata kiasili na kuhitaji kufunikwa kwa ngozi ya plastiki nyembamba. Pima kwa mizani, si kwa macho. Ikiwa inanata kwa michirizi, sehemu nyingine zimekauka vizuri, ulikwangua kuta za kikombe ukaziongeza bila kuzikoroga. Hamishia kwenye kikombe cha pili, koroga tena, ndipo umimine. Ikiwa ni laini kote lakini inaendelea kukaza kesho yake, chumba kilikuwa baridi tu.

Ikinata upande ule mmoja uliogusa umbo, wakati kiini kimekauka, umekutana na kitu kilicho sumu kwa platinamu. Silikoni ya platinamu hukauka kwa msaada wa kiasi kidogo sana cha kichocheo cha platinamu, na kichocheo hicho hufungwa kwa urahisi na salfa, na bati, na kemikali za amini, na mabaki ya rezini ya printa (majimaji yanayogandishwa kwa mwanga) ambayo hayakugeuka kuwa plastiki. Glavu za mpira wa asili pia zina salfa. Vaa za nitrili. Brashi iliyowahi kugusa silikoni ya bati (inayokauka kwa kichocheo cha bati) isikaribie kazi hii hata ikioshwa.

Umbo la rezini lioshwe kwa alkoholi ya isopropili mara mbili, bafu la pili likiwa na alkoholi safi, dakika tano hivi kila mara. Usiliache humo saa nzima. Hunywa alkoholi, huvimba, na hupasuka likikauka. Lipulizwe likauke kabisa ndipo liingie kwenye mwanga wa UV, maana alkoholi iliyobaki huacha utando mweupe unaonata. Geuza ili mwanga ufike kwenye kila pembe: puani, masikioni, nyuma ya midomo. Kisha liokwe kwa nyuzi 60 usiku kucha, na baada ya hapo lipuliziwe vanishi ya akriliki tabaka mbili nyembamba.

Kama umbo ni tupu ndani, hakikisha lina matundu mawili ya kutolea maji. Rezini mbichi iliyonaswa ndani hupenya polepole, na umbo lililofaulu jaribio wiki iliyopita hushindwa leo.

Jaribio lenyewe ni kijiko kimoja cha silikoni ileile, mahali pasipoonekana, kiachwe kwa muda wote wa kukauka. Lifanye kila unapobadilisha chupa ya rezini, hata ya rangi ileile.

Rezini nyingine hazikubali kamwe. Usipigane nazo. Tengeneza kalibu ya silikoni ya bati juu ya umbo hilo, kwa kuwa silikoni ya bati haina uchaguzi mwingi, kisha humo mimina jasi ngumu au epoksi upate nakala safi, na kwa nakala hiyo ndipo uanze kazi ya platinamu. Kumbuka tu kwamba kalibu ya bati nayo ni sumu kwa platinamu, kwa hiyo nakala ioshwe na kufungwa kwa vanishi. Umbo la plastiki ya PLA kutoka printa ya uzi, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki, kwa kawaida halina ugomvi huu, ingawa praima uliyolipaka inaweza kuwa nao.

Na rezini ambayo haijakauka isiguse ngozi ya mtu, yako au ya mwigizaji. Mzio wake ukishaanza hauondoki.

Ukingo ni mnene

Kipande kizuri huisha kwa ukingo usioonekana, na ukingo huo hauchongwi: unabanwa. Kalibu hugusa kichwa cha msingi kwenye mstari mwembamba unaozunguka kipande chote, na silikoni inayozidi hukimbilia kwenye mfereji ulio nje ya mstari huo. Ukingo mnene maana yake mstari haukugusa. Paka rangi nyembamba ya midomo kwenye mstari, funga kalibu bila silikoni, fungua, utazame wapi rangi imehamia kichwani na wapi haikuhamia.

Isipohamia popote, kuna kitu kinaizuia kalibu kushuka. Mara nyingi ni vishikizi vya pembeni vilivyochongwa bila nafasi. Kwenye kompyuta pini ya milimita 10 huingia kwenye tundu la milimita 10; kwenye printa haiingii. Acha milimita 0.2 hadi 0.3 kila upande. Angalia pia mfereji: ukiwa na kina cha chini ya milimita 1.5 hujaa mapema na silikoni hukosa pa kwenda, hivyo inainua kalibu nzima.

Rangi ikihamia sehemu moja tu, kitu kimejipinda. PLA hulegea karibu na nyuzi 60, na kalibu iliyoachwa ndani ya gari kwenye jua hurudi ikiwa na sura nyingine. Umbo la rezini nalo hujipinda likiondolewa nguzo zake kabla ya kuiva kwa UV.

Rangi ikihamia kote lakini ukingo bado ni mnene, kuta zinapinda wakati wa kubana. Ukuta wa milimita 3 hauwezi kustahimili bolti. Panda hadi 6 au 8, au jaza mgongo wa kalibu kwa jasi. Kaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, kama tairi la gari.

Kosa la mwisho liko kwenye faili: mchongaji aliishia ukingo kwa unene wa milimita 0.3 akidhani ni mwembamba. Unapaswa kushuka hadi sifuri, uso wa sura mpya ukizama ndani ya kichwa cha msingi. Hapo programu nyingi hukataa kukata maumbo mawili kwa sababu nyuso zao zinagusana bila kukatana. Zamisha kwa milimita 0.1 badala ya kuzilinganisha, ziba mashimo yote ya meshi (wavu wa pembetatu unaounda umbo) kwanza, na ukataji utapita.

Ukitumia ngozi ya plastiki ya kupuliza ndani ya kalibu ili ukingo uyeyuke kwa alkoholi, soma kiyeyusho chake. Ya asetoni itaila kalibu ya plastiki ya ABS mbele ya macho yako. Ya alkoholi haina shida hiyo.

Mapovu upande mmoja

Mapovu yaliyotawanyika kila mahali ni ya kukoroga kwa haraka. Mapovu yaliyojipanga upande uliogusa umbo la printa ya uzi yanatoka ndani ya umbo lenyewe. Kuta zake zina vinjia visivyoonekana na tumbo lake limejaa hewa. Joto likipanda, hewa hutanuka na kusukumwa kwenye silikoni. Funga uso kwa tabaka mbili za vanishi au epoksi nyembamba. Povu moja kubwa kwenye ncha ya pua au kidevu ni hewa iliyokosa njia: toboa tundu la milimita 1.5 mahali palipo juu kabisa kalibu ikiwa imesimama kama utakavyoimimina.

Kalibu ya plastiki isitumike kwa povu la mpira. Povu hilo huokwa kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 80 na zaidi, PLA haifiki huko, na hata plastiki inayofika haina vinyweleo vya kunyonya maji yake. Tumia printa kutengeneza umbo la mwanzo, kalibu yenyewe iwe ya jasi.

Kwenye skrini ni uso, kwa mwigizaji ni kinyago

Kwanza angalia mtazamo wa skrini. Kuchonga bila kina cha mtazamo, au kwa mtazamo mpana kupita kiasi, hudanganya kuhusu pua na masikio. Weka kamera ya programu sawa na lenzi ya milimita 85, kwa kuwa ndivyo uso utakavyotazamwa kwa ukaribu wa filamu, na uzungushe taa mara kwa mara. Sura iliyochongwa chini ya taa moja huwa nzuri chini ya taa hiyo.

Matundu ya ngozi yaliyopigwa kwa muhuri mmoja wa kidijitali hutambulika hata na mtu asiyejua kazi. Kwenye pua ni ya mviringo na ya karibu, kwenye mashavu hunyooka kufuata mvuto wa ngozi, kwenye paji hukatwa na mistari. Chonga kwa kina kidogo zaidi ya unavyotaka, maana praima, vanishi na rangi kila kimoja kitachukua sehemu yake.

Halafu unene. Toa tofauti kati ya sura mpya na kichwa cha msingi, uipake rangi kulingana na umbali, na programu itakuonyesha panapozidi. Shavu linaweza kubeba milimita 5 na bado likasogea. Kope halivumilii zaidi ya nusu milimita. Mkunjo unaotoka puani hadi pembe ya mdomo ukizidi milimita 1, utakufa: mwigizaji atatabasamu na kipande hakitakuwa na habari. Punguza hapo kutoka nyuma, yaani kwa kujaza kichwa cha msingi kidogo chini ya mkunjo, na sura ya nje ibaki kama ilivyochongwa. Chini ya mkunjo itabaki nafasi ndogo isiyogusa ngozi, usiitie gundi.